Kikapu cha Mwalimu Fabiano

Mikono yangu ilianza kutetemeka kabla sijazeeka. Watu wa hapa Karatu wakiniona nimeshika kikombe hudhani ni umri, na mimi huwaacha wadhani hivyo. Lakini ninyi mnaoanza kazi hii, mlionunua bisibisi zenu juzi na kupanga vibanda karibu na stendi, ninyi nitawaambia ukweli. Ni kazi. Nimetengeneza kompyuta za watu na mitandao ya majumbani kwa miaka ishirini na ushee, na hakuna siku niliyobonyeza "ndiyo" bila moyo kuruka. Fundi asiyeogopa mimi simpi hata redio yangu.

Jina langu ni Basilisa, ila tangu nijifungue Deo hakuna anayelitumia. Mama Deo fundi, basi. Mwanzoni wateja walikuwa wakiingia kibandani wananiuliza, "Mama, fundi yuko wapi?" Nawaambia, "Anakuja, kaeni." Nawaacha wakae kidogo, halafu navaa miwani na kuwaambia, "Haya, amefika."

Aliyenifundisha ni Mzee Aminieli, Mchaga wa Machame aliyekuwa na duka la ufundi Arusha. Mteja akiingia tu, mzee alikuwa ananiambia, "Basilisa, mikono nyuma." Nasimama kama mwanafunzi mstarini, mikono mgongoni, hadi mteja amalize kueleza shida yake. Mzee alijua kwamba mkono wa fundi una haraka kuliko sikio lake. Maswali yake yalikuwa yaleyale kila siku: mara ya mwisho ilifanya kazi lini? Tangu siku hiyo nini kimebadilika? Na nani mwingine anaitumia?

Hilo swali la mwisho ndilo mtakalolidharau. Kuna mama mmoja wa Njiapanda ambaye mtandao wa nyumbani kwake ulikuwa ukipotea kila siku saa nne asubuhi na kurudi saa nne na robo. Walikuja mafundi wawili kabla yangu. Mmoja alibadilisha ruta, mwingine alipanda juu ya bati akageuza antena, na bado saa nne mtandao ukaondoka. Mimi nilikwenda nikaomba kukaa tu sebuleni. Saa nne ilipofika, dada wa kazi akaingia, akachomoa waya wa ruta ukutani, akachomeka birika la umeme, akachemsha maji ya chai. Tulicheka mpaka mama mwenye nyumba akajifuta machozi. Sikugusa hata msumari.

Nawaambieni hilo la kuchekesha kwanza ili mjue kwamba nilikuwa nafahamu. Nilikuwa nafahamu kabisa namna ya kukaa, kuuliza na kusubiri. Na bado nilifanya nililolifanya.

Mwalimu Fabiano alikuwa mstaafu wa shule ya msingi, Mwiraqw wa Rhotia, mrefu, mpole, mwenye koti moja la kahawia. Alipostaafu alianza kukusanya maneno. Maneno ya Kiiraqw ambayo wajukuu zake hawayajui tena: rangi za ng'ombe, aina za udongo, namna mbalimbali za kumwambia mtu pole. Alikwenda kwa wazee, akakaa nao, akaandika. Madaftari yake ya kwanza yaliliwa na mchwa. Alifungua kabati siku moja akakuta majalada tu, ndani udongo. Ndipo watoto wake wakamnunulia kompyuta ya mezani, akajifunza kuandika kwa vidole viwili. Akanambia siku moja, "Mama Deo, humu mchwa hawaingii." Nikamjibu, "Hawaingii, Mwalimu." Nililisema kwa kujiamini sana.

Siku ile kompyuta yake ililetwa kibandani na mkewe, Mama Natalia, imefungwa kwenye kanga nyuma ya bajaji. Ilikuwa inawaka, inazunguka, inazima, inawaka tena. Wakati huohuo meneja wa loji moja kwenye njia ya kwenda geti la hifadhi ananipigia kila baada ya dakika tano: wageni wameshafika, mtandao hakuna, njoo. Simu iko sikioni, bisibisi iko mkononi. Nikamuuliza Mama Natalia, "Kuna vitu vya kutunza humu?"

"Vitu vya Mwalimu? Anavyo kwenye kile kidude chake kidogo cha kuchomeka."

"Flashi?"

"Hicho hicho."

Nilitakiwa kumpigia Mwalimu mwenyewe. Dakika moja ingetosha. Badala yake nilifanya kile nilichokiona kuwa ni uangalifu: nikatoa diski, nikaichomeka kwenye kompyuta yangu, nikanakili nyaraka zote, picha zote, na kila kilichokuwa kimetapakaa kwenye uso wa kompyuta. Halafu nikaifomati, yaani nikaifuta yote, nikaweka mfumo mpya na programu zake, nikarudisha nilivyovinakili. Ikawaka vizuri, nyepesi kama mpya. Jioni Mama Natalia aliichukua na mimi nikaenda lojini, ambako kosa lilikuwa waya uliotafunwa na panya.

Siku ya tatu Mwalimu Fabiano alikuja mwenyewe. Alikuwa amevaa lile koti. Nikamsalimu.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba, Mama Deo. Kompyuta inakwenda vizuri sana. Ila sikioni kitabu changu."

"Kitabu gani, Mwalimu?"

"Cha maneno. Kilikuwa kwenye kikapu."

"Kikapu kipi?"

"Kile kikapu kilichochorwa pale pembeni, juu. Kila asubuhi nakitoa, naandika, nikimaliza nakirudisha kikapuni kisichanganyike na mambo mengine."

Kikapu cha taka. Kwa miaka yote ile Mwalimu alikuwa anahifadhi kazi yake kwenye kikapu cha taka cha kompyuta. Mimi nilinakili kila mahali ambapo mimi ningeweka kitu, na takataka sikunakili, kwa sababu ni nani ananakili takataka? Baadaye nilikuja kumuuliza kwa nini pale. Akanishangaa. "Kikapu ni cha kuwekea vitu, Mama Deo. Kwetu mtama unakaa kwenye kikapu. Taka tunazitupa nje."

Lakini siku ile sikumuuliza. Siku ile nilisema, "Niachie kompyuta, Mwalimu. Nitaangalia." Nilitabasamu. Mnajua lile tabasamu la fundi, nalo ni kifaa kama bisibisi. Yeye akanishukuru, akaenda zake kupanda gari la Rhotia.

Nikampigia Mzee Aminieli, ambaye siku hizo alikuwa ameshafunga duka na kurudi Machame kwenye migomba yake. Nikamweleza yote.

"Imewashwa tangu uifomati?"

"Imetumika siku tatu."

"Izime sasa hivi. Usiandike chochote juu yake. Kilichofutwa hakiondoki palepale, kinakuwa kama shamba lisilo na mwenyewe. Kila kitu kipya kinachoingia kinalima kipande. Wewe umeshalima, Basilisa, mfumo mzima umepanda juu yake. Jaribu tu."

Hili lishikeni, maana litawafika. Mtu akikuambia amefuta kitu kwa bahati mbaya, neno la kwanza litoke mdomoni mwako: zima. Usimwache atafute kwa kufungua hiki na kile, usipakue programu ya uokoaji ukaiweka kwenye diski ileile. Toa diski, ichomeke kwingine, uisome bila kuiandikia.

Nilifanya hivyo siku mbili mfululizo, mlango wa kibanda nimeuegesha, wateja nimewaambia naumwa. Programu ilirudisha vipande: nusu ya picha ya ubatizo, nyimbo za kwaya zilizokatika katikati, na faili moja lenye jina la kitabu cha Mwalimu. Nilipoliona lile jina nilisimama nikashika ukuta. Nikalifungua. Lilikuwa limejaa vijisanduku vitupu na alama za maswali, ukurasa baada ya ukurasa. Nililishusha hadi mwisho nikitafuta hata neno moja la mtu. Hakuna.

Na kila asubuhi simu: "Mama Deo, kimepatikana?"

"Bado naangalia, Mwalimu."

Chakula kilikuwa hakishuki. Nikilala naota vijisanduku. Deo wangu akaniuliza kama nina malaria.

Siku ya tatu nikakumbuka kuwa Natalia, binti yake, ni muuguzi kwenye zahanati kule Samunge, na kwamba alipokuja likizo alikaa na baba yake kwenye ile kompyuta. Nikampigia. Mtandao wa kule unakuja na kupotea, nikalazimika kulisema kosa langu mara tatu, kila mara nikianza upya tangu mwanzo. Hakuna adhabu kama hiyo.

"Mama Deo," akasema mwishowe, "mimi nilikinakili kitabu. Baba alikuwa amekifungua, nikakichukua kwa flashi nikakiweka kwenye laptopu yangu. Lakini ile laptopu imekufa tangu kiangazi. Taa inawaka, kioo cheusi."

"Usimpe fundi yeyote. Usiiwashe tena. Nakuja."

"Unakuja Samunge?"

"Nakuja."

Natalia akaongeza, "Baba usimwambie kwanza. Ana presha. Na siku hizi anasahau, umeona? Likizo ile aliniita jina la shangazi mara mbili."

Nilikuwa sijaona. Nilifurahi kupewa ruhusa ya kutosema, na palepale nikaona aibu kwamba nimefurahi.

Mngeweza kuniuliza kwa nini asiipakie laptopu kwenye basi ije Karatu. Njia ile mnaijua. Basi la kwenda Loliondo lilipita getini ukungu ukiwa mzito hata bonde la kreta halionekani, tukashuka upande wa pili kwenye vumbi na makorongo, na kila tuliporushwa mimi nilikuwa naiwazia ile diski na sindano yake ndogo inayosoma kama unywele juu ya kioo. Ipigwe mara moja vibaya, basi tena. Bora nirushwe mimi. Pembeni yangu alikaa mzee wa Kimaasai wa Enguserosambu, ameshika fimbo yake wima katikati ya magoti. Aliniuliza nakwenda kuuza nini. Nikamwambia nakwenda kutengeneza kompyuta.

"Ya serikali?"

"Ya mtu."

Akaniangalia vizuri. "Lazima ni mtu mkubwa."

Nikamwambia ni mwalimu.

Wasso nilipanda pikipiki, nikafika Samunge alasiri nikiwa mwekundu kwa vumbi kuanzia kope hadi viatu. Natalia alikuwa bado kazini na wagonjwa wawili wamekaa nje, akinamama wa Kisonjo wenye watoto mgongoni. Nilimsubiri kwenye ngazi ya nyumba yake. Alipotoka akanipa maji ya kunawa kwanza, kisha akaileta laptopu ameikumbatia kwa mikono yote miwili, akaiweka mezani mbele yangu.

Nikaweka mikono nyuma.

"Mama Deo, kuna nini?"

"Nisimulie. Mara ya mwisho iliwaka lini?"

Akasimulia. Haikuanguka, haikumwagiwa chai. Ilikuwa inakaa dirishani, na kiangazi kile vumbi liliingia hata kwenye unga. Siku moja aliifungua, feni ikaunguruma, kioo kikabaki cheusi. Hakuna mwingine anayeitumia. Nikauliza tena kwa namna nyingine, na majibu yakawa yaleyale. Hapo ndipo nikatoa mikono.

Sasa sikilizeni nilivyofanya, maana shida hii ni ya kila siku. Kioo cheusi hakimaanishi kompyuta imekufa. Kwanza iwashe umulike kioo kwa tochi, kwa kuilaza pembeni. Kama kuna picha hafifu kwa ndani, kilichokufa ni mwanga wa kioo tu. Nilimulika. Hapakuwa na kitu. Pili bonyeza kitufe cha herufi kubwa uone kama kitaa chake kinawaka na kuzima. Kikifanya hivyo, ubongo uko macho. Kilibaki kimezima. Tatu ondoa chaja, toa betri, bonyeza kitufe cha kuwashia ukishikilie nusu dakika ili umeme uliobaki ndani uishe. Nikashikilia huku nahesabu kwa sauti kama mtoto. Nikarudisha chaja bila betri, nikawasha. Feni ikaunguruma. Kioo cheusi.

Jasho lilikuwa linanidondoka juu ya meza. Natalia akalifuta kwa kitambaa.

Kilichobaki ni kufungua. Nilimwambia Natalia, "Kama diski ni nzima, hata laptopu ikifa kabisa naweza kuitoa na kuisoma kwingine. Lakini kama diski imekufa, nimemaliza." Nilimwambia yeye lakini nilikuwa najiambia mimi. Nikafungua skrubu nikizipanga kwenye sahani kwa mpangilio zilivyotoka. Ndani vumbi lilikuwa limelala kama pamba. Nikalifagia polepole kwa brashi, nikazitoa kadi mbili za kumbukumbu, vile vipande virefu vyenye meno ya dhahabu. Meno yalikuwa yamefifia, yana ukungu wa kijani.

"Una kifutio?"

Akaniletea penseli ya daftari la wagonjwa, ile yenye raba nyuma. Nikayasugua yale meno kwa ile raba, taratibu, upande huu na upande huu, hadi yakang'aa. Nikachomeka kadi moja tu kwanza. Siku zote moja kwanza, ili ikigoma ujue ni ipi. Nikaisukuma hadi nikasikia inabana pande zote mbili.

"Washa wewe," nikamwambia Natalia.

"Mimi?"

"Mkono wangu unatetemeka."

Akabonyeza. Feni. Kimya. Halafu mlio mmoja mfupi, na mwanga.

Natalia alipiga kigelegele, watu wakachungulia mlangoni kuona nani kajifungua. Mimi nilikuwa bado sijapumua. Nikatafuta faili, nikalipata kwenye folda aliyoiita Baba. Nikalifungua. Maneno. Safu na safu za maneno ya Kiiraqw, na mbele ya kila neno maana yake kwa Kiswahili, na mbele ya maana jina la mzee aliyelisema na kijiji chake. Nikalinakili kwenye flashi yangu kabla ya kufanya kitu kingine chochote, kisha kwenye flashi ya pili, nikaziweka kwenye mifuko tofauti.

Nilitaka pia kulituma kwa barua pepe, ili hata basi likipinduka liwepo angani. Nikaunganisha laptopu na simu ya Natalia. Mtandao upo, simu yenyewe inafungua kila kitu, lakini laptopu inakataa kila ukurasa, inasema si salama. Natalia akasema ni minara ya huku. Nikaangalia saa ya laptopu pembeni chini. Ilikuwa inaonyesha mwaka ambao Deo alikuwa darasa la nne. Nilipoitoa betri, na ile betri ndogo ya saa kumbe ilishakufa, laptopu ilisahau siku. Na mtandao hauamini kompyuta isiyojua leo ni lini. Nimewaona mafundi wanabadilisha ruta, wanalaumu minara, wanafomati, kwa saa iliyokosewa tu. Nikarekebisha tarehe, kurasa zikafunguka, faili likapanda kidogokidogo hadi likaisha.

Hapo ndipo nilipoangalia tarehe ya faili lenyewe. Lilikuwa la miaka miwili iliyopita. Nilijua tangu Karatu kwamba litakuwa la likizo ile ya Natalia. Kujua nilijua. Lakini nilipolishusha hadi mwisho nikaona linapoishia, katikati ya ukurasa, ndipo nilipoelewa miaka miwili ya mtu anayeandika kwa vidole viwili kila asubuhi ni kiasi gani.

Nilirudi Karatu kesho yake. Sikupitia kibandani wala nyumbani. Nilishuka nikapanda gari la Rhotia na vumbi langu, na njia nzima nilikuwa napanga maneno, nayapangua. Natalia alikuwa amesema nisubiri yeye aje likizo tumwambie pamoja, kwa ajili ya presha. Nilimwambia hapana. Baba yake alikuwa ananipigia kila asubuhi, na kila asubuhi nilikuwa namwibia siku nyingine.

Mwalimu alikuwa nyuma ya nyumba anapukuchua mahindi na mkewe. Nikapiga magoti palepale kwenye magunzi. Mama Natalia akashtuka, "Kuna msiba?"

"Hakuna msiba, Mama. Mwalimu, kitabu chako nilikifuta mimi. Siku ileile ya kwanza. Sikukuuliza, nilikuwa na haraka. Nimekudanganya wiki nzima. Nimetoka Samunge, Natalia alikuwa na nakala, ninayo hapa. Lakini ni ya miaka miwili nyuma. Yaliyoandikwa baadaye hayapo."

Mama Natalia akaweka mkono mdomoni. "Ni mimi niliyesema viko kwenye flashi," akasema kwa sauti ndogo. "Nilikuwa namaanisha nyimbo za kwaya."

"Si wewe, Mama. Kazi ya kuuliza ilikuwa yangu."

Mwalimu alimalizia hindi alilokuwa nalo, punje kwa punje, akaliweka pembeni. Niliangalia mshipa wa shingo yake ukipiga. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa kwenye kazi hii au nje ya kazi hii.

"Ya Bibi Marselina?" akauliza.

Bibi Marselina alikuwa mzee wa Mbulumbulu. Alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla.

"Nilianza kwenda kwake baada ya Natalia kuondoka," akasema Mwalimu. "Yamo?"

"Hayamo, Mwalimu."

Akatikisa kichwa. "Alikuwa na maneno yule mama. Alinipa la mvua ile inayonyesha upande mmoja wa bonde, na upande wa pili jua linawaka. Sijawahi kulisikia kwa mtu mwingine. Nilimwambia arudie mara tatu."

"Liseme, niandike sasa hivi," nikasema, nikatoa kalamu.

Akafungua mdomo. Akaufunga. Akatazama ng'ambo ya mashamba, midomo ikichezacheza bila sauti. Mama Natalia akajaribu neno moja, akatikisa kichwa. Akajaribu lingine.

"Siyo hilo," akasema Mwalimu. Tukangoja. Kuku walikuwa wanadonoa punje miguuni petu na hakuna aliyewafukuza. "Najua lilikuwepo, Mama Deo. Neno lenyewe sina."

Hakunifukuza. Ningependelea anifukuze. Aliniambia niinuke, mkewe akaniletea uji, nikaunywa.

Tangu wiki ile, kila Alhamisi nilikuwa nafunga kibanda na kwenda Rhotia. Yeye anasema, mimi naandika. Siku nyingine anakumbuka maneno ishirini mfululizo, anacheka mwenyewe. Siku nyingine anakaa saa nzima na hata moja halitoki, ananiita Natalia, na mimi naitika. Tulikwenda Endabash, tulikwenda Mbulu, tuliwauliza watoto wa Bibi Marselina. Mengi tuliyapata. Pale ambapo maana ilikuwepo na neno halipo, mimi nilitaka kufuta mstari ili ukurasa upendeze. Mwalimu akaushika mkono wangu juu ya kibodi.

"Acha nafasi," akasema. "Kuna mtu analijua."

Kwa hiyo kwenye kitabu cha Mwalimu Fabiano kuna mistari tisa iliyo na maana bila neno. Mitatu imeshajazwa. Mwalimu sasa hatoki tena ndani, na Alhamisi nyingine hanijui mimi ni nani, lakini nikimsomea maana ya mstari usio na neno, anasikiliza mpaka mwisho.

Ninyi mmetoka kila upande wa wilaya hii. Kama nyumbani kwenu yuko bibi ambaye bado anaongea lugha ya zamani, nendeni mkamuulize anaiitaje mvua inayonyesha upande mmoja wa bonde, na upande wa pili jua linawaka. Mwambieni arudie mara tatu. Kisha mniletee.